Chunusi wa Poland na wa Pangani

Mei 2011 Rais Barack Obama alipozuru Warsaw, Waziri Mkuu wa Poland wa wakati huo, Donald Tusk, alimkabidhi zawadi ya gemu la kompyuta. Liliitwa The Witcher 2, kisa cha mwindaji wa mazimwi mwenye nywele nyeupe na panga mbili mgongoni, ambaye hulipwa kwa kila zimwi analoliua. Obama aliporudi huko mwaka 2014 alilitaja hadharani, akakiri kwamba yeye na magemu hawaelewani sana, ila ameambiwa ni mfano mzuri wa nafasi ya Poland katika uchumi mpya wa dunia. Sisi mgeni wa namna hiyo akitujia tunampa kinyago, na akija na mkewe, kanga. Sina ugomvi na kinyago. Nasema tu kwamba yuko kiongozi aliyeona gemu lililotoka katika ngano za bibi zake linafaa kuwekwa mkononi mwa rais wa Marekani, na hakuna aliyemcheka.

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili hapa Tanga, mwanamke niliyevuka hamsini, na nacheza gemu. Sisemi lile la kupanga pipi kwenye simu, ambalo walimu wenzangu wote wanalo na hakuna anayelihesabu kuwa gemu. Nacheza la tatu katika mfululizo huo wa Wapolandi, The Witcher 3: Wild Hunt, lililotoka 19 Mei 2015, kwenye PS4 aliyoiacha mwanangu alipohamia Dodoma kikazi. Husahihisha insha mpaka macho yanagoma, kisha nashika padi. Wanafunzi wa kidato cha tano walipopata habari waliniamkia siku nzima: shikamoo mwalimu, halafu kicheko kinafuata nyuma ya mlango.

Wacheke. Ninachotaka kusema leo kinawahusu wao kuliko kinavyonihusu mimi. Poland haikufika pale kwa kuanza kutunga gemu. Ilianza kwa kuyafanya magemu ya watu wengine yaseme Kipolandi, tena Kipolandi kizuri. Nasi tukitaka kufika popote kwenye jambo hili, mlango ni huo huo.

Kwa asiyelijua gemu la aina hii: unapewa nchi nzima uzurure. Kuna mashamba, misitu, vinamasi, mji mkubwa wa bandari, visiwa vya mabaharia wakorofi, na farasi wa kukufikisha kote huko. Mhusika wako, Geralt, anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, ambaye anawindwa na jeshi la mizuka wapanda farasi. Ukitaka kumfuata moja kwa moja, mfuate. Ukitaka kukaa kilabuni ukicheza karata na wafanyabiashara, kaa, binti atakusubiri. Mwanangu huniambia nimegeuka mcheza karata kuliko mwindaji, na hilo silikatai.

Riziki ya Geralt ni kazi za vijijini. Kila kijiji kina ubao wa matangazo, na watu wamebandika shida zao. Unakwenda kwa mwenye shida, mnapatana bei, na ukitaja kubwa mno ananuna mpaka ushushe. Ndipo unaanza kuuliza: nani alikufa, alikufaje, nani alikuwa na kinyongo naye. Kupigana ni mwisho wa kazi, na mara nyingi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Mwanzoni kabisa kuna mtu ambaye binti yake ni mgonjwa na anahitaji maji safi, lakini kisima chenyewe kina mzuka wa mwanamke unaotokea jua likiwa utosini. Ukichunguza, unakuta mifupa ya mwanamke aliyeuawa ikining'inia kwenye kamba ya kisima, imekatwa mkono, na bangili yake iko chini majini. Huwezi kumtoa mpaka uchome mifupa na bangili pamoja. Kwa maneno mengine, huwezi kumshinda mpaka ujue alidhulumiwa nini.

Wapolandi wana jina la mzuka huyo: południca, bibi wa saa sita mchana, ambaye huwatokea wavunaji mashambani. Nilipokutana naye nilikaa kimya kidogo, kwa sababu kule Pangani bibi yangu alitukataza kupita chini ya mbuyu saa hiyo hiyo, na hakuwa na habari na Poland. Kwenye vinamasi vya gemu hili kuna utopiec, kiumbe wa maji anayewavuta watu wakazama. Huyo nasi tunaye, na jina lake kila mtoto wa mtoni analijua: chunusi. Mto Pangani umekula watu, mamba wakasingiziwa, na bibi akatikisa kichwa.

Hapa ndipo wasomaji wengine watasema, basi na sisi tutunge la kwetu, tuna chunusi, tuna popobawa, tuna vibwengo, tuna Fumo Liongo na sindano yake ya shaba. Nimeisikia hotuba hiyo kwenye makongamano mpaka nimeichoka. Kuwa na zimwi hakutoshi. Kila kabila duniani lina zimwi. Tazameni kwanza wenzetu walimfanya nini wa kwao.

Kuna sehemu iitwayo Velen, nchi iliyoliwa na vita, miti imening'inizwa watu, wakulima wanakula magome. Inatawaliwa na mlevi mmoja aliyejipa cheo, wanamwita Baroni wa Damu. Anajua habari za Ciri, lakini hasemi mpaka umtafutie mkewe Anna na binti yake Tamara, waliotoweka. Unaanza ukidhani wametekwa. Unavyopekua nyumba unakuta alama za ugomvi, unasikia habari za kipigo, unagundua kwamba mke aliharibikiwa na mimba, na kwamba mtoto yule alifukiwa bila jina. Sasa amerudi. Wapolandi humwita poroniec, kijusi kisichopumzika, kinachofyonza wajawazito. Gemu linakupa hiari: umuue kwa upanga, au umbembeleze. Ukichagua la pili, Baroni mwenyewe lazima ambebe mikononi usiku kucha katika mvua, yule kiumbe akimtazama, mpaka kizingiti cha nyumba, amwite mwanawe, ampe jina, amzike hapo mlangoni. Anampa jina la Dea. Kuanzia hapo mzuka unageuka kuwa mlinzi wa nyumba, na ndiye anayekuonyesha waliokimbia walipita wapi.

Nimefundisha riwaya na tamthilia miaka mingi. Mume mpiga mke nimemkuta katika vitabu vingi, na karibu kila mara mwandishi ananiambia nimchukie, nami namchukia, somo linakwisha. Huyu Baroni nilimchukia vilevile, ila nililazimika kutembea naye hatua kwa hatua kwenye matope, nikimlinda asiuawe na mazimwi, huku amembeba mwanawe. Kitabu kingeweza kunisimulia njia ile. Gemu lilinitaka niitembee, na kidole changu kikiwa ndicho kinachomsogeza. Baadaye kuna uamuzi mwingine, juu ya roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiifungua, yatima fulani wanaokoka, lakini kijiji kinaangamia, Anna anakufa na Baroni anajinyonga. Ukiiua, watoto wanaliwa, Anna anabaki hai na akili imemtoka, naye mumewe anaondoka naye kwenda kumtafutia mganga milimani. Hakuna jibu la kupigiwa tiki. Natamani kuona swali la namna hiyo katika mtihani wa taifa, ila najua nani angelikataa.

Huko huko Velen kuna usiku wa kuwaita waliokufa, kwenye duara la mawe, na mganga ndiye anayeongoza. Kila Mpolandi anayeucheza anautambua, maana Dziady, tamthilia ya kishairi ya Adam Mickiewicz inayojengwa juu ya ibada hiyo, husomwa shuleni kwao. Na katika nyongeza iliyotoka Oktoba 2015, Hearts of Stone, wamemchukua Pan Twardowski, yule bwana wa ngano aliyeuza roho yake kwa shetani kwa sharti kwamba ichukuliwe Roma tu, akanaswa kwenye kilabu cha pombe kilichoitwa Roma. Ngano inasema alibaki mwezini. Ndani ya gemu sharti limekuwa mwezi: mkataba utaiva watu wawili wakisimama juu ya mwezi, na mwezi unaokutwa ni picha iliyochorwa kwenye sakafu ya hekalu bovu. Asiyeijua ngano anafurahia ujanja. Anayeijua anafurahia mara mbili.

Katika nyongeza hiyo pia, marehemu mmoja mpenda anasa anaombwa kumwingia Geralt ili ahudhurie harusi. Geralt mkavu, asiyecheka, ghafla anacheza ngoma, anakunywa, anatongoza kila mwanamke. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya kibuki Zanzibar, akaona mtu mpole amepanda na anaitisha brandi, hahitaji kuelezwa tukio lile.

Sasa turudi nyuma. Habari hii yote ilianzia kwenye hadithi fupi. Desemba 1986 jarida la Fantastyka lilichapisha kisa cha Andrzej Sapkowski, aliyekuwa akifanya biashara ya manyoya, kilichoshika nafasi ya tatu katika shindano. Aliichukua ngano ya strzyga, binti mfalme aliyegeuka zimwi, akaisimulia upya kwa lugha ya mtu mzima mwenye kejeli. Baadaye kampuni ya gemu ilipomwendea alikataa asilimia ya mauzo, akataka chake mkononi, kwa kuwa hakuamini litauzika. The Witcher 3 peke yake limeuza nakala zaidi ya milioni 50, kwa tangazo la kampuni la mwaka 2023. Walipatana upya mwaka 2019, baada ya wanasheria.

Kampuni hiyo, CD Projekt, iliundwa mwaka 1994 na vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, waliofahamiana shuleni. Hawakuwa na gemu lao. Walikuwa wauzaji wa CD. Poland ya wakati ule ilikuwa soko la wizi mtupu. Sheria ya hakimiliki yenye kuligusa jambo hilo ilipitishwa mwaka huo huo wa 1994, na magemu ya kunakili yaliuzwa peupe sokoni kwenye uwanja mkubwa wa michezo wa Warsaw. Mfanyabiashara wa kawaida angesema hapa hakuna biashara. Wao walijiuliza, ni kitu gani mwizi hawezi kumpa mnunuzi?

Jibu lilikuwa Kipolandi. Walipata kibali cha kutoa Baldur's Gate ya kampuni ya BioWare ya Canada, gemu lenye maneno mengi kama riwaya nene. Wakalitafsiri lote. Wakawaita waigizaji wakubwa wa nchi yao waingize sauti, akiwemo Piotr Fronczewski, ambaye kila Mpolandi alikuwa akimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Kwenye boksi wakatia ramani na CD ya muziki, vitu ambavyo mwizi hawezi kuvinakili kwa bei ndogo. Likatoka 1999. Siku ya kwanza zilikwenda madukani nakala 18,000, katika nchi ambayo kila mtu aliwaambia watu hawanunui.

Waliojifunza kutafsiri magemu ya wenzao walikuwa wamejifunza pia jinsi mazungumzo ya gemu yanavyoandikwa, jinsi mhusika anavyojibu ukichagua hili na ukiacha lile. Ndipo wakatunga la kwao mwaka 2007, na hata hilo walilijenga juu ya injini ya kuazima kutoka kwa BioWare hao hao. Toka kuuza CD hadi kutunga ilipita miaka kumi na mitatu. Anayetaka tuanze na kutunga anataka kula bila kupika.

Na Kiswahili kiko wapi? The Witcher 3 lina maandishi ya Kicheki na ya Kihungaria, lugha za nchi ambazo kila moja ina watu wapatao milioni kumi. Lina Kiarabu. Kiswahili, ambacho UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200 na kukipa siku yake duniani, 7 Julai, hakimo. Siku hiyo tunavaa vizuri, tunasoma mashairi ya kujisifu, tunarudi nyumbani. Mjukuu wa jirani yangu anaikuta menyu ya gemu katika lugha zaidi ya kumi, halafu anabonyeza Kiingereza.

Kuna aliyethubutu. Tarehe 23 Aprili 2024 lilitoka Tales of Kenzera: ZAU, la Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walimjua kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Alilitunga kutokana na msiba wa baba yake: mganga kijana anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Si gemu la kuzurura nchi nzima kama lile la Wapolandi, unaruka na kupanda zaidi kuliko kutembea. Lakini lina sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Linachapishwa na EA, kampuni kubwa ya Marekani, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wakubwa hawatakubali. Ninachosikitika ni kwamba aliyeliwezesha aliishi Uingereza, na sisi wenye vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili, mabaraza na kamusi, tulilisikia kama habari ya kigeni.

Pingamizi ninalolijibu mara nyingi kuliko yote ni kwamba vijana wetu hawataki Kiswahili kwenye gemu, kitawachekesha. Waliosema hivyo wamesahau vibanda vya video. Watu walilipa kiingilio kutazama filamu za Kichina na za Kihindi kwa sababu ya Lufufu, aliyekaa na kipaza sauti akawapa wahusika Kiswahili cha mtaani, akaongeza na vichekesho vyake. Kenya walikuwa na DJ Afro, na mpaka leo jina lake linatosha kujaza chumba. Tamthilia za Kituruki zikiingizwa sauti za Kiswahili, mama zangu hapa mtaani wanaahirisha hata kitchen party. Kinachochekesha ni Kiswahili kibovu, cha kutafsiri neno kwa neno kama maelekezo ya dawa ya kunguni. Wapolandi walilijua hilo, ndiyo maana waliwalipa waigizaji wa kweli.

Pingamizi la pili ni maadili, na sehemu yake ni haki. The Witcher 3 ni la watu wazima, limepewa alama ya miaka 18, kuna damu, kuna vitanda. Simpi mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, na mzazi anayemwachia mtoto wa miaka tisa ajibu mwenyewe. Lakini tusitumie neno maadili kufunika uvivu. Hakuna anayetulazimisha tuanze na hili. Kuna magemu madogo yasiyo na damu, yenye maneno machache, ambayo watu watatu wanayatafsiri kwa muhula mmoja.

Watu hao watatu tunao. Kila mwaka vyuo vinatoa wahitimu wa Kiswahili na wa sanaa za maonyesho ambao kazi pekee tunayowaelekeza ni kufundisha, nami najua nafasi za kufundisha zilivyo. Mwezi Mei 2024 CD Projekt ilitoa zana iitwayo REDkit, bure kwa yeyote mwenye The Witcher 3 kwenye kompyuta, ya kutengenezea visa vipya ndani ya gemu hilo hilo kwa wahusika, mazimwi na mandhari yake. Mkuu wa idara ya Kiswahili unayesoma gazeti hili, wape wanafunzi wako wa mwaka wa tatu kazi hiyo badala ya tasnifu moja zaidi kuhusu matumizi ya taswira: kisa kimoja, kijiji kimoja, chunusi mmoja, na mazungumzo yote kwa Kiswahili cha kusikilizika. Wakikwama kwenye chunusi, waje Tanga. Nitawapeleka Pangani kwa wazee wanaomjua.